Mwaka Niliosomea Utani

Odile alipiga simu asubuhi, nikiwa nimekaa pale ninapokaa kila asubuhi: kwenye kiti cha mbao karibu na mlango wa jiko, mahali ambapo mke wangu, Mama Feza, hulazimika kunizunguka kila anapotoka kumwaga majivu. Wageni wakija huwaambia waangalie wasinigonge, kwa kuwa mimi ni chombo cha nyumbani, na chombo chenyewe kizito. "Papa Feza," Odile alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia, akanawa uso, kisha akapanga maneno. "Papa ametuacha. Jana, pale hospitali." Baba yake ni Kabwe, mtani wangu. Nilitaka kusema kitu, lakini alikuwa bado hajamaliza. "Kesho njo mazishi. Tutafurahi ukija. Lakini nakuomba kitu kimoja, Papa. Ile mambo ya watani, hapana. Watu wa kanisa watakuwepo, watu wa biro yake ya kazi watakuwepo, kutakuwa na programu na mikro ya kusemea. Uje ukae tu na sisi, kama watu wengine." Nikajibu, "Nimesikia, mama." Mama Feza, aliyekuwa ameshika sufuria, aliniangalia kwa mshangao, maana katika ndoa yetu yote hajawahi kunisikia nikijibu kwa maneno mawili.

Niseme kwanza kilichokuwa kimeniziba mdomo, kwa ajili ya wale waliokulia mahali ambapo mambo haya hayapo tena. Mimi ni mtu wa Mbuzi. Kabwe alikuwa mtu wa Chui. Kwetu huku Kalemie, kando ya ziwa, ukoo unaupata kwa mama, na koo zetu hizo mbili ni watani tangu zamani, kwa sababu ambayo hata mtoto anaiona: chui hula mbuzi, na waliomalizana kiasi hicho hawana tena cha kuoneana haya. Mtani anaweza kukutukana sokoni mbele ya wakwe zako, akachukua samaki kwenye sahani yako, akaketi kwenye kiti chako ukisimama kukojoa, nawe huruhusiwi kukasirika. Ila haki hiyo ina kazi yake. Siku mtu wa Chui akifa, mtu wa Mbuzi ndiye huingia msibani akamwigiza marehemu: anatembea kama yeye, anadai chakula chake, analaza mkeka njiani maiti asipite kabla watani hawajalipwa, mpaka wale walioshindwa kulia wacheke. Na baada ya kicheko, kilio kinatoka. Kabwe na mimi tulikuwa tumepatana kwamba atakayebaki atamfanyia aliyetangulia. Tulipatana mara nyingi, tukiwa tumeshiba, kila mmoja akiwa na hakika kwamba atakayebaki ni yeye. Sasa yeye ameondoka, na binti yake ananiomba nikae kama watu wengine.

Kazi hiyo nilijifunza mwaka ule shule zilipofungwa. Walimu waligoma, Serikali ikanyamaza, walimu wakazidi kugoma, na mwishowe ikatangazwa kwamba mwaka wote hauhesabiwi. Tuliuita mwaka mweupe. Nilikuwa darasa la tatu la sekondari, nimeanza kuota ndevu ambazo niliziamini kuliko zilivyostahili. Wenzangu walitawanyika. Wengine walipanda treni kwenda kutafuta maisha Kabalo, wengine walianza kuvua ndagala, dagaa wa ziwa letu, mmoja akaenda Pepa kuchunga ng'ombe wa mjomba wake akarudi akitembea kama yeye mwenyewe ni ng'ombe. Mimi nilikwenda mbali pia: nilivuka barabara. Ng'ambo aliishi Mama Mukubwa, dada mkubwa wa mama yangu, na jiko lake lilikuwa na harufu ya mawese kutoka asubuhi hadi jua linapotua upande wa mlima. Nikaingia kuomba andazi moja, nikakaa mwaka mzima.

Jiko lile ninaliona hata sasa kuliko ninavyoiona nyumba ninayoishi. Lilikuwa chumba cha matofali mabichi, bati lake jeusi kwa moshi, lenye mlango upande wa ua na dirisha lisilo na kioo upande wa njia ya kwenda stesheni. Mbabula mbili za makaa chini, moja ya bukari, ugali wetu, moja ya mboga. Kinu kilichopasuka ambacho hakikutwanga tena kitu bali kilikaliwa. Na kamba ya mikebuka, samaki wa ziwani waliokaushwa, ikining'inia juu, ambayo kila mgeni aliitazama kwanza kabla ya kumtazama mwenye nyumba. Mama Mukubwa mwenyewe alikuwa mnene wa kutosha kuziba mlango, na alipenda kuuziba hasa pale mtu anapotaka kuondoka kabla hajamaliza habari. Kwa kuwa nyumba ilikuwa kati ya stesheni na soko, mji wote ulipita pale: wanawake wenye mabeseni ya ndagala kutoka ufukweni, wafanyakazi wa reli, wafanyabiashara Waislamu waliotoka kuswali na ambao yeye aliwatania kwa adabu zaidi, masista, vichaa, wote. Mimi nilimenya mihogo kwenye kona. Niliamini nimepata maisha ya raha. Sikujua kwamba nimeandikishwa shule.

Nilikuja kujua siku alipotoka mama mmoja muuza ndagala, na Mama Mukubwa, bila kugeuka, akauliza: "Yule ni nani?"

"Ni Mama Tereza, anauza ndagala."

"Sikukuuliza anauza nini. Ni nani?"

"Ni... bibi ya Papa Tereza."

Mwiko ulinipata kwenye goti. "Bwana wake anaingiaje hapo? Mama yake njo nani? Mama ya mama yake alitoka wapi? Ukimuona njiani ufunge mudomo ao uufungue?" Nikasema sijui. "Hujui," alisema, akirudi kwenye bukari yake kwa masikitiko. "Umekula ndagala yake, umecheka maneno yake, na hujui kama ni wako wa kutania ao wa kupigia magoti. Mutoto ya shule."

Tangu siku hiyo kila aliyetoka nilimtolea hesabu. Nilisikiliza kwa hofu. Mgeni akisema "kaka ya mama yangu," mkono wangu ulisimama kwenye muhogo, maana hapo ndipo ukoo ulipopita, na mtu hausemi ukoo wake kwa kuulizwa tu. Anaudondosha katikati ya habari nyingine, za bei ya mawese au za mtoto anayekohoa, na wewe ni lazima uwe pale kuudaka. Ndiyo maana baadaye maishani, nilipokuwa karani bandarini, watu walishangaa jinsi nilivyokumbuka nani ni ndugu ya nani. Walidhani nina akili. Nilikuwa na goti linalokumbuka.

Somo la pili lilikuwa gumu zaidi, na mwalimu wake hakujua kwamba anafundisha. Alikuwa Papa Kaloba, mtu wa Chui, mfanyakazi wa reli, mrefu, mwenye kofia ya kazi ambayo hakuivua hata Krismasi. Papa Kaloba alipita karibu kila adhuhuri, na kila mara alisimama mlangoni akasema, "Mimi niko napita tu." Mama Mukubwa alimwekea kinu akae, akakataa. "Nikikaa, njo nimekuja kula. Nikisimama, niko napita." Basi alikula akiwa amesimama, sahani mkononi, bukari na sombe ya majani ya muhogo na samaki, akiongezwa, akikataa kwa mdomo huku mkono unasogeza sahani, na mwishowe alifuta midomo kwa ukingo wa kofia na kusema, "Haya, mimi sikukaa." Yeye ndiye aliyecheka wa kwanza. Alikuwa pia anachechemea, kwa ajali ya zamani kwenye reli, na mimi, nilipoanza kupenda somo, niliona hapo pana utajiri. Siku moja alipokwisha kuondoka nilisimama na sahani, nikachechemea jiko zima. Nilifanya vizuri sana. Mama Mukubwa hakucheka.

"Umeisha kumusikia anacheka ule muguu?"

"Hapana."

"Basi si wako. Weka chini."

"Lakini kila mutu anauona."

"Kuona si kazi. Mbuzi ata naye iko na macho." Alipuliza moto, akakohoa, akaendelea kwa sauti ya chini, na kwake sauti ya chini ilikuwa jambo la kutisha. "Unachukua kile mwenyewe amecheka. Sahani yake, ndiyo. Kofia yake, ndiyo. Ametupa mwenyewe. Muguu hajatupa. Ukiugusa, haukumutania, umemupiga."

Nimefikiria maneno hayo zaidi ya yale yote niliyonakili ubaoni. Siku hizi nasikia redioni watu wakizungumza habari za elimu ya mababu kana kwamba ni kitu kimoja kilichofungiwa sandukuni, tukikifungua tutapona magonjwa yote. Sijui. Ninachojua mimi kilikuwa na moshi, kilikuwa na mwiko, na mwalimu wake aliamini kwamba kupiga picha ni kupunguza damu. Shule ya ubao nayo ilinipa kazi na ikanipa uwezo wa kuandika haya, siitupi. Lakini shuleni, ukikosa jibu, unajiumiza mwenyewe na daftari lako. Katika jiko lile, kila somo lilikuwa na mtu mwingine ndani yake, mtu mzima, anayeweza kuumia. Hukufundishwa kusema. Ulifundishwa kwanza kumtazama mtu kwa muda mrefu, siku baada ya siku, na kujua ni nini alichokupa na nini amebaki nacho. Maneno yalikuja mwishoni kabisa, na mimi, kama mtakavyoona, niliyaharakisha.

Papa Kaloba alikufa mwisho wa masika, ghafla, akiwa kazini. Wafanyakazi wa reli wote walikuja. Dada yake alifika kutoka Mpala kwa mtumbwi wa injini, amelowa maji ya ziwa, na pamoja naye watoto wake wawili: Yaya Sofia, kwetu yaya ni dada mkubwa, msichana mwenye macho ya kukupima, na Kabwe, wa rika langu, mwembamba, suruali yake fupi kwa miguu yake. Yule mama aliingia, akaketi karibu na kaka yake, na hakulia. Wanawake walimwimbia, hakulia. Walimletea uji, hakuona kama ni uji. Mji ulianza kunong'ona kwa hofu, maana huzuni isiyotoka inageuka kitu kingine. Mama Mukubwa aliniambia, "Njoo. Utabeba mukeka. Utaona, na utanyamaza."

Kwa mjane Mama Mukubwa aliomba kofia ya marehemu, akapewa. Akaivaa. Akaingia uani kwa lango kubwa, mwanamke yule mnene, na kwa namna ambayo hata leo siwezi kuieleza alikuwa mrefu na mwembamba. Alikwenda moja kwa moja penye sufuria za msiba, akasimama. "Mimi niko napita tu," alisema. Nilisimama nyuma yake na mkeka. Akapewa kinu akae. Akakitazama kama mtu anayetazama mtego. "Nikikaa, njo nimekuja kula." Akachukua sahani, akala amesimama, akikataa kwa mdomo na kusogeza sahani kwa mkono, na mguu wake ulikuwa mzima kabisa, hakuchechemea hata hatua moja. Alipofuta midomo kwa ukingo wa kofia na kusema, "Haya, mimi sikukaa," yule dada kutoka Mpala alitoa sauti. Ilianza kama kicheko. Ilikuwa kicheko kweli, cha msichana, kicheko cha nyumba waliyokulia pamoja ambako bila shaka kaka yake alianza zamani kula amesimama. Halafu kikakatika katikati, na kikawa kilio, na alilia kwa nguvu hivi kwamba wanawake watatu walimshika. Mama Mukubwa alivua kofia, akaketi chini karibu naye, akalia naye. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipoelewa kwamba ile haikuwa michezo.

Ningeishia hapo ningekuwa mwanafunzi mzuri. Lakini nilikuwa nimelewa kwa sifa ambazo hazikuwa zangu, na nikaona penye benchi kijana mwenye mabega mapana analia, Dieudo, mtoto wa kwanza wa marehemu. Baba Chui, mwana Chui, niliwaza, mimi mtu niliyepigwa mwiko mwaka mzima kwa jambo hilo hilo. Nikamwendea, nikamvuta sahani yake magotini, nikapaza sauti: "Chui gani huyu analia kama paka ya kumwagiwa maji? Toa samaki, mbuzi anakula!"

Hakuna aliyecheka. Nilisikia kijiko kikianguka mahali. Na hapo ndipo kichwa changu kilipofika: ukoo unapita kwa mama. Dieudo hakuwa Chui hata kwa ukucha. Mama yake alikuwa mtu wa Mvua, na watu wa Mvua na sisi hatuna utani wowote. Hapakuwa na mtani pale. Palikuwa na kijana aliyefiwa na baba yake, na mjinga aliyemnyang'anya chakula. Dieudo alianza kuinuka, na aliendelea kuinuka kwa muda.

Kabla hajanifikia, kitu kilinigonga ubavuni nikaanguka kwenye majivu. Alikuwa yule mwembamba wa Mpala. "Mbuzi kipofu!" Kabwe alipiga kelele, amenikalia kifuani, machozi ya kumlilia mjomba wake bado hayajakauka usoni. "Chui ni mimi! Nilikuwa hapa! Unapita chui unaenda kutania watu wa wengine! Mama yako alikuzaa ukiangalia ukuta?" Akanivua kiatu kimoja, akakimbia nacho akizunguka ua, na mimi nikamkimbiza kwa mguu mmoja. Mtu alicheka, kisha wote. Tusi langu lilikuwa limeokotwa na mwenye haki ya kulipokea. Nilimwona Dieudo akikaa tena, polepole, akajipangusa uso. Kiatu sikukipata tena. Kabwe alikitupa juu ya bati, na miaka ilivyopita aliniambia kila mara kwamba bado kiko pale, kimeota majani, na kwamba ndicho kitu changu pekee kilichowahi kutoka nyumbani.

Kesho yake Mama Mukubwa alinipa kuku. Hakunipiga, na hilo liliniogopesha. "Utamupeleka kwa mama ya Dieudo. Utapiga magoti. Utasema ulipotea njia. Na utamubeba mikononi kama mutoto, si kwa miguu, mji uone." Nikavuka Kalemie nzima nikiwa nimekumbatia kuku, nimevaa kandambili za kuazima, na kila niliyekutana naye aliuliza nani amejifungua. Mama ya Dieudo alimpokea kuku, akanipa maji ya kunywa, akaniambia niketi. Dieudo alikuja akaketi upande wa pili. Tuliongea habari za shule, kama itafunguliwa. Niliporudi, Mama Mukubwa aliuliza tu, "Amekupa maji?" Nikasema ndiyo. "Basi. Utarudia klasi, lakini hawajakufukuza."

Shule ilifunguliwa mwaka uliofuata, nikarudi kukaa kwenye benchi, na katika vyeti vyangu mwaka ule haupo; unatoka darasa la pili, unaruka mwaka, unaingia la tatu. Ukiwaonyesha watu wa biro wanauliza, "Hapa ulikuwa wapi?" Nawaambia nyumbani. Kabwe alibaki Kalemie, akapata kazi, akaoa, na mara mbili tatu kwa juma kwa maisha yangu yote lango langu lilipigwa teke na sauti ikaita, "Mbuzi ya kufungwa! Kamba ingali inakutosha?" Naye alinipa kitu cha kutania, alinipa mwenyewe kwa ukarimu. Siku ya harusi yake kiti kilivunjika chini yake mbele ya kanisa zima, na tangu hapo Kabwe hakuketi popote kabla ya kukitikisa kiti, kukiinamia, kuchungulia chini yake kama fundi, na kushuka polepole akiwa ameshika hewa. Alisimulia kisa hicho kwa kila aliyetaka na asiyetaka kukisikia.

Basi mnaelewa kwa nini nilimjibu Odile kwa maneno mawili. Angekuwa mtu mwingine wa msiba ule, mpwa wa Kabwe, dada yake, Chui yeyote, ningemjibu kwa simu ile ile tusi la kumfanya atupe programu ziwani. Lakini Odile ni mtoto wa Kabwe, na mama yake Odile ametoka Moba, kwa watu wengine kabisa. Kwake mimi ni mzee jirani. Siruhusiwi. Na nikiri kwamba moyo wangu wa kiti cha mbao ulifurahi kidogo: nimekatazwa, basi nikae. "Utabaki hapa ukiangalia sufuria zangu?" Mama Feza aliuliza. Nikamwambia nina homa. "Homa ya nini, ya kutembea?" Akaniletea koti.

Chini ya turubai viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa kwa mistari, mikro ililia, kijana mwenye tai alisoma programu. Nilikaa kama watu wengine. Yaya Sofia alikuwa mbele, karibu na jeneza, mzee sasa, mkavu, na macho yale ya kupima hayakupima kitu. Mpwa wake mmoja alininong'oneza kwamba tangu hospitali hajalia wala kula, uji wanaurudisha. Nilitazama vidole vyangu. Kwa macho ya mwaka ule nilimwona mama yake ameketi vile vile, amelowa maji ya ziwa, na nikajua ninachoona, na nikabaki nimekaa. Ndipo Yaya Sofia akageuza shingo, taratibu, akanitafuta katika mistari mpaka akanipata.

"Mbuzi," alisema, na sauti ilikuwa kama kitu kinachokwaruzwa. "Umekuja kufanya nini? Kula?"

Kijana wa mikro alishusha karatasi yake. Chui akiita, Mbuzi hawezi kusema ana programu. Niliinuka, lakini sikwenda kwake. Nilikwenda kwa Odile, nikainama mbele yake kadiri magoti yalivyokubali, na la mwiko lilikubali la mwisho. "Mama," nilimwambia, "kwako mimi sina utani. Kwako niko mugeni, na uliniomba kitu nikasema nimesikia. Baba yako ni wako. Lakini ni kaka ya yule mama pale, na yule mama ameniita. Unipe ruhusa." Odile alimtazama shangazi yake kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa hajamtazama tangu atue kutoka Lubumbashi, anakoishi. Msiba una kazi nyingi. "Kidogo tu, Papa," alisema.

Nikachukua kiti kimoja cha plastiki, nikakibeba hadi mbele ya jeneza. Nikakitikisa. Nikakiinamia, nikachungulia chini yake, nikagonga kila mguu, nikatikisa kichwa kwa mashaka, nikakisogeza, nikakitikisa tena. Kisha nikashuka polepole, polepole, nimeshika hewa kwa mikono miwili. Nilipokuwa bado sijafika, nikasimama kwa ghafla na kuligeukia jeneza: "Na hili, fundi amelipima?"

Yaya Sofia alitoa ile sauti. Niliitambua, niliisikia mara moja tu kabla, kwa mama yake, na ilikuwa ile ile, ya msichana wa Mpala. Nyuma yangu nikasikia nyingine. Odile alikuwa ameziba mdomo kwa programu. "Ata ndani ya avioni!" alisema akicheka, machozi yanashuka. "Alipokuja kunitembelea, alisimamisha watu wote, anatikisa kiti ya avioni!" Sikuwahi kuijua hiyo ya ndege. Kabwe alikuwa amenifichia moja, aniue nayo kwa kicheko baadaye. Basi Yaya Sofia alipoanguka kifuani mwa binti ya kaka yake na kulia, nami nililia, nimekaa kwenye kile kiti, ambacho kilinibeba.

Chui walinipa kuku, kama inavyotakiwa. Nilirudi nimemkumbatia, na mji ukauliza nani amejifungua. Asubuhi iliyofuata niliketi pale ninapoketi. Hakuna aliyepiga lango teke. Nilisikia treni ikipanga mabehewa, nikasikia wauza samaki, nikasikia kwamba lango halipigwi, na nikaanza kujihurumia kwa kufikiria nani sasa atakuja kuniigiza mimi, na ataigiza nini, maana mtu aliyekaa si kazi kumwigiza. Mama Feza alinizunguka na majivu. Kisha simu ikalia.

"Mbuzi," sauti ya Yaya Sofia ilisema. Nyuma yake nilisikia kijiko kikigonga bakuli. "Uko nyumbani?"

"Niko wapi tena, Yaya?"

"Kaa hapo hapo. Nikimaliza hii uji, nakuja kukukula."